Kuganda si kukauka: kwa nini picha zako za ziwa bado zinanata

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, na huu ni mwaka wa pili nikichora mandhari ya ziwa nikiwa nje, kwa rangi za mafuta ambazo ndugu yangu huniletea kutoka Dar es Salaam. Nimejifunza zaidi kwa kutazama video za mchoraji mmoja wa Norwe ambaye huchora theluji akiwa amesimama humo humo kwenye theluji. Rangi yake ikiwa nzito huiongezea matone ya mafuta. Nami rangi ilipokuwa inakwama kwenye kitambaa nikaongeza mafuta: picha mbili nilitia mawese niliyoyachuja vizuri, ya tatu nikatia mafuta ya alizeti. Niliona mawese yanaganda kila asubuhi ya kipupwe, nikaamini yatakauka. Nilizichora mwezi wa 6, sasa ni mwezi wa 9, bado zinanata na zimeokota vumbi, ingawa nimezihifadhi chini ya kitanda zisiguswe na watoto. Moja ya zile za mawese nimemwahidi mwalimu mkuu wangu mstaafu aliyeko Ujiji. Je, nizianike juani? Nipake vanishi juu yake? La pili, milima ya Kongo naichora kwa bluu na nyeupe kama yule mchoraji anavyochora milima yake ya mbali, lakini kila anayeiona ananiuliza kama Kongo kuna theluji. Au niachane na mafuta nihamie akriliki?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza maswali mawili, na ukayaeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya barua yako mwenyewe. Unahofia kwamba picha zako hazitakauka, na unahofia kwamba jicho lako halioni rangi sawasawa. Hofu ya kwanza ina msingi, hasa kwa zile picha mbili za mawese. Ya pili haina msingi kabisa: jicho lako ni zima, ila umelilisha rangi za mahali pengine. Naanza na kukauka, kwa sababu kuna mzee Ujiji anayesubiri.

Watu wengi, na wamo mafundi waliopaka milango maisha yao yote, huamini kwamba rangi ya mafuta hukauka kama nguo kwenye kamba au dagaa kwenye mchanga wa Kibirizi, yaani kwamba kuna kitu cha majimaji ndani yake kinachopaa na kuondoka. Rangi ya maji ndiyo hukauka hivyo. Mafuta hayaendi popote. Ukipaka mafuta ya mbegu za kitani kwenye kipande cha kioo, ukakipima kwenye mizani nyeti siku ya kwanza na ukakipima tena siku kadhaa baadaye yakiwa yameanza kuwa magumu, utakuta uzito umeongezeka. Umeongezeka kwa sababu mafuta hayo yamevuta oksijeni kutoka hewani na kuifunga ndani yao. Chembe za mafuta ni kama nyuzi zilizolala ovyo, kila moja ikiteleza juu ya nyingine. Oksijeni huja na kuzifunga fundo hapa na fundo pale, uzi kwa uzi, mpaka kile kilichokuwa kinatiririka kinageuka kuwa wavu mmoja mkubwa uliokamata chembe za rangi kama wavu unavyokamata samaki. Wavu huo ukishafumwa haufumuki kwa joto wala kwa maji. Huko ndiko kukauka kwa rangi ya mafuta, na ndiyo maana picha za karne nyingi zilizopita bado zimesimama.

Lakini si kila uzi una mahali pa kufungwa fundo. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala huyanunua kwa jina la linsidi, yana mahali pengi mno, na hivyo ndiyo yanayotumika zaidi kusagia rangi za wachoraji. Mafuta ya kokwa za walnati na ya mbegu za mpopi yanayo ya kutosha, hukauka polepole zaidi lakini hukauka. Wakemia hupima uwezo huo kwa kipimo wanachokiita namba ya ayodini: mafuta ya kitani hufika kama 180, ya alizeti huwa karibu 130, na mawese huwa karibu 50 tu. Alizeti imekaa katikati, nusu mkaukaji na nusu mgoma, huanza kunata na hukaa ikinata kwa miezi. Mawese yenyewe, karibu nusu yake ni mafuta yasiyo na mahali hata pamoja pa kufungwa, na sehemu kubwa ya yaliyobaki ina mahali pamoja tu. Hata ukiyachuja mara kumi, hata ukiyachemsha mpaka wekundu utoke, oksijeni itakuja na kukuta hakuna kitu cha kufunga. Ndiyo sababu mawese ni mazuri jikoni: hayachachi haraka wala hayafanyi ukoko kwenye dumu. Sifa hiyo hiyo inayomfaa mpishi ndiyo inayomponza mchoraji.

Hapa ndipo penye kosa lako lenyewe, na nalipenda kwa sababu ni kosa la mtu anayetazama vitu kwa makini. Uliona mawese yanaganda asubuhi, ukahesabu kuganda kuwa ni mwanzo wa kukauka. Kuganda ni jambo la baridi peke yake. Mawese huganda asubuhi kwa sababu ile ile inayogandisha samli, na saa 5 jua likishapanda hulainika tena, kwa kuwa hakuna fundo lolote lililofungwa usiku. Kesho vivyo hivyo, na mwakani vivyo hivyo. Picha yako imekuwa ikiganda na kuyeyuka kila siku tangu mwezi wa 6, na kila ikilainika inaokota vumbi la siku hiyo.

Sasa mtazame tena yule Mnorwe wako, maana tatizo analolitibu yeye ni kuganda huko huko. Baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri haigeuzi rangi ya mafuta kuwa barafu, kwa sababu mafuta ya kitani huhitaji baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri ndipo yagande kabisa. Hii ni sababu mojawapo ya wachoraji wa huko kutoka nje na mafuta wakati wenzao wa rangi za maji wakishindwa, kwani maji huganda kwenye brashi kabla hayajafika kwenye karatasi. Hata hivyo rangi huwa nzito kama siagi iliyotoka kwenye friji, haisambai, na brashi huiburuta. Kwa hiyo anaidondoshea tone moja au mawili ya walnati au kitani ili itembee. Anaongeza mafuta yanayokauka, kwa kipimo kidogo, kwa sababu ya baridi. Akirudi nyumbani huiweka picha kwenye chumba chenye joto, kwa sababu anajua kwamba baridi hiyo hiyo inachelewesha na kukauka pia. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda Norwe mwanzoni mwa mwaka 1895, akiwa mzee wa miaka 54, akauchora mlima Kolsås mara nyingi akiwa nje katika theluji. Asingeweza kuifanya kazi hiyo kama Mmarekani John Rand asingekuwa ametengeneza tyubu ya bati ya kubebea rangi mwaka 1841. Kabla ya tyubu, rangi ilifungwa katika vibofu vya nguruwe, na kutoka nayo nje ilikuwa ni safari ya mashaka.

Wewe uko Kigoma. Rangi yako ikitoka kwenye tyubu mwezi wa 6 saa 3 asubuhi ni laini tayari kuliko ya yule bwana hata baada ya kuiongezea mafuta. Haikuhitaji tone lolote. Basi kwa nini ilikuwa inakwama? Hukusema ulikiandaaje kitambaa, lakini nadhani ni amerikani uliyoipigilia kwenye fremu na kuanza kuichora ikiwa mbichi, au uliipaka mkono mmoja mwembamba wa rangi ya ukutani. Kitambaa cha namna hiyo kinakunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji: ukiweka brashi, mafuta yanazama, na kinachobaki juu ni unga wa rangi usioteleza. Ukiongeza mafuta yanazama nayo. Tena mafuta yakigusa nyuzi za pamba moja kwa moja huzila taratibu, na baada ya miaka kitambaa hukatika kama karatasi kuukuu. Dawa iko kwenye kitambaa. Changanya gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, ipake mbele ya kitambaa mpaka nyuzi zishibe, iache ikauke usiku kucha. Kisha paka jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, mikono miwili au mitatu, ukisugua kidogo kwa msasa laini kati ya mkono na mkono. Kama jeso haipatikani, rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ile isiyong'aa, inafaa kwa picha za mazoezi, ingawa nisingemuuzia mtu picha iliyo juu yake. Ukipitisha kidole na kukiona kitambaa kinateleza kidogo bila kung'aa kama sahani, kiko tayari, na utashangaa rangi ile ile uliyoiona nzito inavyotembea.

Usiniamini kwa maneno tu. Tafuta kioo cha dirisha kilichovunjika, kioshe kwa sabuni, ukipake alama tatu nyembamba kwa kidole: linsidi, alizeti, mawese. Kiweke dirishani mahali penye mwanga na hewa. Kila siku mbili gusa ukingo wa kila alama. Baada ya wiki moja au mbili linsidi itakuwa ngozi ambayo ukucha unaikwaruza lakini kidole hakiachi alama. Alizeti itakuwa inanata kama gundi ya nzi. Mawese utayapangusa kwa kitambaa yakatoka yote, kama ulivyoyapaka. Waonyeshe na wanafunzi wako wa darasa la sita. Ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Tuje kwenye picha zenyewe. Ile ya alizeti bado ina tumaini, na jambo la kwanza la kuifanyia ni kuitoa chini ya kitanda. Giza na hewa iliyotuama ni adui wa mafuta yote ya kuchorea: mwanga husaidia kufunga yale mafundo, na mafuta yakikaa gizani huwa manjano. Itundike juu ukutani, mahali watoto hawafiki, karibu na dirisha lakini si kwenye jua la moja kwa moja. Umeuliza kuhusu kuanika juani. Saa moja au mbili za jua la asubuhi hazina neno. Lakini kuiacha nje kutwa nzima, kitambaa kikivutika na kulegea kwa joto, ngozi ya juu ikikauka haraka kuliko tumbo lake, ndiko kunakoleta mikunjo na nyufa. Vumbi lililokwisha kunasa liache lilivyo. Ukilichokonoa sasa utachimba rangi. Siku rangi ikishika utalipangusa kwa brashi laini na kubwa, na sehemu kubwa itatoka. Ipe mpaka mwezi wa 12. Ikiwa bado inanata wakati huo, ihesabu kama zile nyingine.

Zile mbili za mawese sina habari njema juu yake, na nisingependa kukupa matumaini ya bure. Hazitakauka. Vanishi ni kosa kubwa zaidi kuliko yote, kwa sababu utakuwa umeweka ngozi ngumu juu ya kitu laini. Mawese yataendelea kulainika na kuganda chini yake, na vanishi itapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kuchora picha mpya juu yake ni hivyo hivyo. Kukwangua na kutumia kitambaa kile kile kusingefaa, maana mawese yameshazama kwenye nyuzi. Zipige picha kwa simu kwenye mwanga mzuri wa kivulini ili ubaki na mchoro na mpangilio, kisha ng'oa kitambaa na uhifadhi fremu. Najua inauma. Ila mchoro umeshaujua mkono wako, na wa pili utakuchukua nusu ya muda wa wa kwanza. Mzee wa Ujiji mwambie ukweli. Ni mwalimu, amewahi kusahihisha makosa makubwa kuliko hili.

Katika picha mpya tumia rangi kama inavyotoka kwenye tyubu, na kama ni lazima uilainishe katika tabaka la kwanza, tumia tapentaini kidogo sana. Tabaka zinazofuata ndizo ziruhusiwe kuongezewa mafuta kidogo, ya linsidi, kamwe si kinyume chake, kwa sababu tabaka nono, lenye mafuta mengi, likikaa chini ya tabaka konda litachelewa kukauka na kulipasua la juu. Jua pia kwamba rangi zenyewe hazilingani. Umba, ambayo ni udongo wenye manganizi, hukauka kwa siku moja au mbili kwa sababu madini hayo huharakisha kufunga mafundo. Nyeusi ya mifupa na nyekundu za kadmiamu huvuta siku nyingi. Nyeupe ya titani, ambayo wewe unaitumia nyingi kwa kumfuata Mnorwe wako, nayo ni mvivu. Kwa tabaka la chini, mimi huchora vivuli vyote kwa umba peke yake, na kesho yake naweza kuendelea.

Kuhusu vya kupunguzia uzito wa rangi, nina maneno machache ambayo siyafanyii mzaha. Ile tina ya kupulizia magari ni kali mno kwa kazi hii na mvuke wake ni hatari; mafuta ya taa hayadhuru sana kwa kufutia brashi lakini huacha unyevu wa mafuta kwenye picha, kwa hiyo usiyachanganye na rangi. Lolote utakalotumia, usiliweke kwenye chupa ya soda, hasa nyumba yenye watoto kama yako. Mtoto akinywa mafuta ya taa au tapentaini usimtapishe, kwa sababu yakipanda juu huingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali hapo hapo. Na matambara uliyofutia linsidi usiyafinyange na kuyatupa kwenye kona. Kule kufunga mafundo nilikokueleza hutoa joto, na tambara lililokunjwa halina pa kulitolea. Miaka ya nyuma, nikiwa Tabora, nilijaza matambara ya linsidi kwenye mfuko wa plastiki, nikauacha chini ya mwembe niliokuwa nauchora, nikaenda kula. Niliporudi mfuko ulikuwa umeyeyuka na unafuka moshi, na mwenye shamba alidhani nimemwekea uchawi. Tangu siku hiyo nayatandaza moja moja kwenye kamba, au nayatumbukiza kwenye kopo la maji.

Mawese, kwa upande wake, usiyafukuze kwenye sanduku lako la kazi. Kwa sababu hayakauki, ndiyo mafuta bora kwako ya kusafishia brashi. Jioni futa rangi kwa gazeti, chovya brashi kwenye mawese kidogo, yasugue kwenye kiganja mpaka rangi iliyojificha kwenye shina la manyoya itoke, rudia mara mbili; kisha osha kwa kipande cha sabuni na maji ya uvuguvugu mpaka povu liwe jeupe. Hatua hiyo ya sabuni usiiruke, maana mawese yakibaki kwenye manyoya yatarudi kwenye picha yako kwa mlango wa nyuma.

Sasa milima ya Kongo. Naomba uvumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo video zilipokupotosha zaidi, na bila mtu kusema neno la uongo.

Theluji haina rangi yake. Ni punje ndogo ndogo za barafu zinazorudisha mwanga wote unaozifikia karibu sawasawa, kwa hiyo huvaa rangi ya chochote kinachoimulika. Upande unaoguswa na jua huwa na umanjano au uwaridi wa jua. Upande wa kivuli haupati jua bali unamulikwa na anga peke yake, na anga ni bluu, basi kivuli kinakuwa bluu. Bluu ile unayoiona kwenye picha zake za theluji ameiona kweli, hakuibuni. Na milima yake ya mbali ni bluu kwa sababu nyingine: hewa ya baridi iliyo safi haina vumbi jingi, imebaki na chembe zake ndogo kabisa, na chembe ndogo hutawanya mwanga wa bluu kuliko nyekundu. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi kati yako na mlima, ndivyo bluu inavyoongezeka.

Kigoma mwezi wa 9 kuna hewa nyingine kabisa. Mashamba yanachomwa, nyasi zinaungua pande zote mbili za ziwa, vumbi la miezi ya ukame liko juu, na chembe za moshi na vumbi ni kubwa kuliko chembe za hewa. Chembe kubwa hazichagui. Hutawanya rangi zote karibu sawa. Matokeo yake ni lile pazia la maziwa unalolijua, ambalo mchana ni jeupe lililofifia na jioni jua likishuka kuelekea Kongo huwa la rangi ya chungwa bivu. Unapotazama milima kupitia pazia hilo, kinachofika jichoni mwako ni mwanga wa pazia zaidi kuliko mwanga wa mlima. Ukiupaka mlima huo bluu na nyeupe, umepaka hewa ya Norwe juu ya ziwa letu, na bluu yenye nyeupe nyingi katika umbo la mlima, akili ya mtazamaji inaisoma kuwa ni theluji. Wanaokuuliza hawakukosea.

Fanya hivi. Chukua kadi ngumu ya kijivu, itoboe tundu lenye upana wa ncha ya kidole. Simama pale Kibirizi, nyoosha mkono, funga jicho moja, utazame mlima kupitia tundu, kisha isogeze kadi mpaka tundu liwe juu ya anga linalogusa mgongo wa mlima. Utaona kwamba tofauti kati ya viwili hivyo ni ndogo kuliko ulivyodhani, nyakati nyingine ni kama tofauti ya chai ya maziwa na chai ile ile iliyoongezwa tone moja la rangi. Kwa hiyo usiuchanganyie mlima rangi yake kutoka mwanzo. Changanya kwanza rangi ya anga la chini, nyeupe na oka (rangi ya udongo) ya manjano kidogo na bluu kiasi cha ncha ya kisu. Kisha kata sehemu ya mchanganyiko huo huo, uiongezee bluu kidogo tena na chembe ya nyekundu ya udongo, mpaka iwe kijivu chenye uzambarau na giza hatua moja tu kuliko anga. Huo ndio mlima wako. Ukiona paletini, pale kwenye kibao cha kuchanganyia rangi, unaonekana kama tope, usiogope. Tope hilo likikaa kando ya anga lake litageuka kuwa umbali. Na nyeupe ipunguze. Nyeupe ya titani haing'arishi rangi peke yake, huipoza pia na kuifanya iwe na chokaa.

Saa nazo ni muhimu. Ufuko wetu unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na linaipiga milima usoni, na pazia halina nguvu sana. Alasiri unatazama upande wa jua, na moshi unaotazamwa dhidi ya jua hung'aa zaidi ukaifuta milima kabisa. Isitoshe, upepo wa ziwani huwa umeamka, na picha yenye eneo la sentimita 40 kwa 50 ni tanga tosha la kuangusha stendi. Kwa kuwa Kigoma iko mbali magharibi na tunatumia saa moja na Dar es Salaam, jua letu huchomoza karibu saa 1. Kazi nzuri iko kati ya saa 1 na nusu na saa 3 na nusu. Mnorwe wako ana mchana wenye urefu wa saa 6 hivi mwezi wa 12, lakini jua lake halipandi, linatambaa chini chini kutwa, na vivuli virefu alivyovianza asubuhi anavikuta bado virefu saa mbili baadaye. Wewe huna anasa hiyo. Chagua kitambaa kidogo, chora vivuli vyote ndani ya nusu saa ya kwanza, na vikishahama usivifuate.

Kuhamia akriliki? Ni uamuzi halali, na wapo wachoraji wazuri wanaochora nje kwa akriliki tu. Haina harufu kali, hukauka siku hiyo hiyo, na huwezi kuikosea kwa mawese kwa sababu huchanganywa na maji. Lakini tabia yake ya kukauka ndiyo itakayokusumbua: kwenye upepo wa kiangazi hukauka paletini kabla hujamaliza kuichanganya, na zile hatua ndogo ndogo za kijivu nilizozieleza hivi punde, ambazo zinataka rangi ibaki mbichi ili uzilinganishe, zitakuwa ngumu. Kwa mandhari ya pazia la moshi, ningebaki na mafuta. Kama una haraka, anza tabaka la chini kwa akriliki na umalizie kwa mafuta. Kinyume chake hakishiki.

Mambo mengine siwezi kuyatatua kwa maandishi. Ukianza kuumwa kichwa au kupata kizunguzungu kila unapotumia tapentaini, au ngozi ya mikono ikipasuka na kuwasha, acha na umwone daktari, ukimwambia hasa unachoshika. Na siku ukiletewa picha ya mtu mwingine yenye thamani, iliyopasuka au kubanduka, usiijaribu mwenyewe. Itafutie mtu aliyesomea. Kwa mafunzo ya ana kwa ana, wakati wa likizo ulizia katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au kwa walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku mbili kando ya mtu anayechora zitakupa ambayo barua hii haiwezi.

Picha ya Ujiji ningeianza wiki hii, maana ikichorwa kwa tabaka nyembamba itakuwa imeshika kabla ya Krismasi, na utampelekea bila vanishi, ukimwambia kwamba utarudi kuipaka mwakani baada ya miezi 6 hadi 12. Nyingine isubirishe mpaka mwezi wa 11. Mvua za kwanza zikishausafisha moshi, kutakuwa na asubuhi kadhaa ambapo milima ya Kongo inaonekana mpaka mabonde yake, na siku hizo, mwalimu, ni bluu kweli.